Pegasus, Manowari Iliyozaliwa na Ugonjwa

Jumapili ya tarehe 20 Septemba 1914, kabla jua halijachomoza, Mji Mkongwe wa Zanzibar uliamshwa na mizinga. Mbele ya mji ilikuwa imetia nanga manowari ya Kiingereza, HMS Pegasus. Kutoka kusini, upande wa mnara wa Chumbe, ilikuwa inakuja manowari ya Kijerumani, SMS Königsberg, nahodha wake Max Looff. Baada ya kiasi cha robo tatu za saa, yenye nanga ilikuwa imetobolewa vibaya, na siku ileile mchana ikazama bandarini. Mabaharia 38 walikufa na 55 wakajeruhiwa. Ishirini na wanne wamezikwa Chapwani, kisiwa ambacho wageni hukiita kisiwa cha makaburi na ambacho kutoka Forodhani unakiona kwa macho yako.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha hila na ushujaa: Mjerumani aliyejificha katika delta ya Rufiji, akanyemelea usiku, akapiga alfajiri. Yote hayo ni kweli. Lakini aliyewahi kushika spana hulala na swali jingine. Manowari yenye injini mbili na mizinga minane ilikuwaje ikae juu ya nanga ikipigwa, isisogee hata kidogo? Serikali ya Uingereza ilijibu kwa maneno machache: Pegasus ilikuwa ikisafisha maboila na kutengeneza mitambo. Maneno hayo machache yamebeba habari ya miaka 17, na habari yenyewe haikuanza Unguja. Ilianza kiwandani.

Pegasus iliundwa na kiwanda cha Palmers, mji wa Jarrow, kaskazini mwa Uingereza, ikateremshwa majini mwaka 1897. Ilikuwa moja ya manowari 11 za aina ya Pelorus, manowari ndogo za kulinda makoloni na njia za biashara, tani 2,100 na ushei. Miaka ile wahandisi wa meli walikuwa wamegawanyika juu ya boila lipi lifae, na jeshi la majini likaamua kujaribu mengi kwa mpigo. Matokeo yake, manowari 11 zinazofanana kwa nje zikatiwa matumbo tofauti: nyingine maboila ya Normand, nyingine ya Thornycroft, nyingine ya Blechynden. Mbili zilizotoka Palmers, Pegasus na Pyramus, zilitiwa maboila ya Reed, mhandisi wa kiwanda hichohicho.

Kwangu mimi hapa ndipo lilipo kosa la kwanza, nalo ni zito kuliko yote yaliyofuata. Kujaribu ni kazi ya kiwanda. Ukishalitoa jaribio lako kiwandani ukalipeleka bahari za mbali, umemtwisha mzigo fundi ambaye hakushiriki kuamua. Pegasus ikiharibikiwa Zanzibar haikuweza kuazima mrija wala nati kwa dada zake tisa kati ya kumi. Dada mmoja pekee mwenye matumbo kama yake, Pyramus, wakati huo alikuwa upande wa New Zealand.

Sasa tulitazame boila lenyewe. Boila la kale la meli ni pipa kubwa la maji lililopitishiwa moto ndani yake. Ni zito, lina maji mengi, na lataka nusu siku au zaidi kupashwa polepole. Ukiliharakisha, bati zake huvutana na viungo hufumuka. Boila la mirija ya maji limegeuza mambo: maji yamo ndani ya mirija myembamba, moto unailamba kwa nje. Maji ni machache, kwa hiyo mvuke hupatikana upesi.

Aina ya Reed utaielewa ukikumbuka paa la nyumba ya makuti. Kwenye mgongo wa paa weka pipa refu la mvuke. Kwenye upenu, huku na huku, weka mapipa mawili ya maji. Makombamoyo yanayoshuka kutoka juu hadi chini ndiyo mirija, mamia kwa mamia, nayo imepinda kama upinde. Moto unawaka katikati, chini ya paa. Maji yanapochemka hupanda ndani ya makombamoyo hayo hadi mgongoni, mvuke ukachukuliwa kwenda kwenye injini.

Upekee wa Reed ulikuwa katika ncha za mirija. Watengenezaji wengi waliutia mrija katika tundu la pipa, kisha wakautanua kwa ndani kwa chombo cha kuzungusha mpaka ukabana ukingo wa tundu. Kazi hiyo ni rahisi na imara, lakini ukitaka kuubadilisha mrija mmoja lazima uuharibu, na kila unaporudia, tundu linazidi kuchakaa. Reed akafanya vingine. Ncha ya mrija ilifuliwa ikanenepeshwa, ikakerezwa, ikakatwa meno ya skrubu. Ikapenyezwa katika tundu, ikakazwa kwa nati kutoka ndani ya pipa, na kwa nje ikakalia washa nyembamba yenye umbo la nusu tufe. Washa hiyo ya mviringo iliuachia mrija nafasi ya kujiweka sawa hata kama tundu halikutobolewa barabara. Mapipa ya chini nayo yaliachwa mapana ili fundi apate pa kufanyia kazi ndani.

Kwa fikra ni jambo zuri mno. Mrija ukiharibika, unafungua nati mbili, unautoa, unaweka mwingine, na tundu la pipa halijaguswa. Mwenye kuubuni alimfikiria mtu wa matengenezo, na hilo si jambo la kudharau. Lakini hesabu bei yake. Kila mrija una ncha mbili, na kila ncha ni kazi ya kukereza: meno yalingane na nati, washa ilingane na kikalio chake. Palipo na meno ya skrubu pana upenyo, hata uwe mwembamba kama unywele, na mvuke hautafuti mlango mpana. Boila hupashwa likatanuka, hupoa likanywea, na kila mzunguko huo huivuta kila nati kidogo. Ongeza kwamba mirija imepinda. Mrija mnyoofu, kama wa boila la Yarrow, unaweza kuuchungulia upande mmoja ukaona mwanga upande wa pili, na brashi ikapita moja kwa moja. Mrija uliopinda huuoni ndani. Unasafisha kwa kukisia.

Na ndani humo ndimo adui alimo. Kila mwenye birika Unguja anaujua ukoko mweupe unaoganda chini, kwa sababu ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe na maji yake yana chokaa. Meli ikitumia maji ya nchi kavu hupata ukoko huo. Ikijitengenezea maji yake baharini hupata mwingine, maana kidubwasha kinachougeuza mvuke kuwa maji tena hupozwa kwa maji ya chumvi, na tundu dogo tu huingiza chumvi katika maji ya boila. Ukoko unazuia joto lisifike kwenye maji. Ukuta wa mrija unaungua kama sufuria iliyosahauliwa mekoni, unavimba, mwishowe unapasuka. Kwa hiyo kusafisha maboila si usafi wa kupendeza macho. Boila la mirija lisiposafishwa kwa zamu litakusaliti siku utakayolihitaji kuliko zote.

Jeshi la majini la Uingereza lenyewe lilikiri kwamba jambo limeharibika. Mwaka 1900 liliunda kamati maalumu ya kuchunguza maboila ya manowari zake, na baada ya mabishano ya miaka kadhaa likayachagua ya Yarrow na ya Babcock & Wilcox. Manowari za Pelorus zikabaki na kile zilichozaliwa nacho. Pomone ilitolewa baharini mapema, ikageuzwa chombo cha kufundishia. Nyingine zilivunjwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Pegasus ikaendelea kutumwa.

Kwa nini basi matengenezo yafanyike Zanzibar? Kambi kuu ya kikosi cha manowari cha Pegasus ilikuwa Simonstown, Afrika Kusini, mwendo wa siku nyingi. Vita vilikuwa na wiki saba tu. Zanzibar ilikuwa na makaa, na ilikuwa na waya wa simu wa chini ya bahari tangu 1879. Haikuwa na gudi la kuingiza manowari. Pegasus ilikuwa imekwisha kuzungushwa pwani hii tangu mwanzo wa Agosti, na chombo cha umri ule hakingeweza kuendelea bila kufunguliwa. Ilipotia nanga mbele ya mji, kamanda wake John Ingles alikuwa amefanya ambacho fundi yeyote angefanya: gari likikataa, unaegesha ulipofika.

Palipokosewa ni kwenye ulinzi wa chombo kilicho karakana. Mlango wa kusini wa bandari uliachiwa tagi moja ndogo, Helmuth, iliyotekwa kwa Wajerumani wenyewe. Hebu tupige hesabu. Kutoka Chumbe hadi Mji Mkongwe ni kama kilomita 12. Königsberg, iliyoweza kwenda maili 24 za baharini kwa saa, hata ikienda 20 tu ingeumaliza mwendo huo kwa dakika 19 hivi. Lakini haikuhitaji kuumaliza. Ilianza kupiga ikiwa yadi 9,000, yaani kilomita 8 na kidogo. Maana yake, tangu kupita Chumbe hadi kombora la kwanza, Pegasus ilikuwa na dakika sita au saba. Hakuna boila, la Reed wala la mtu mwingine, linalotoka baridi likaisukuma manowari kwa dakika saba. Ulinzi wa maana ungesimama mbali zaidi kusini, na mwenye kulinda angekuwa na njia ya kutoa habari kwa kasi kuliko adui anavyokwenda.

Kisha ikaja habari ya mizinga. Nimewasikia watu wakisema Königsberg ilikuwa na mizinga mikubwa zaidi. Ukipima mdomo, tofauti ni ndogo mno: milimita 101.6 kwa Pegasus, 105 kwa Königsberg. Urefu wa mtutu unakaribiana, mita nne na kitu kote kuwili. Kasi ya kombora likitoka mdomoni nayo haikuachana sana, kiasi cha mita 700 kwa sekunde. Kilichoachana ni uzito. Kombora la Pegasus lilikuwa pauni 25, yaani kilo 11 na ushei. La Königsberg lilikuwa kilo 17 hivi.

Mwenye kutaka kuelewa achukue kifuu kitupu cha nazi na nazi nzima iliyofuliwa, avirushe kwa kasi sawa. Upepo unavikamata vyote viwili kwa ukubwa uleule, lakini kifuu hupungukiwa mwendo upesi na nazi husonga mbele. Ndivyo ilivyokuwa. Wapiga mizinga wa Pegasus walijibu, na makombora yao yakawa yanaanguka majini kabla ya kumfikia adui. Chombo chenye mvuke kingeweza kusogea karibu, au kugeuka kikampa adui upande mwembamba. Kilicho juu ya nanga kinabaki kuwa shabaha. Katika dakika za mwanzo tu mizinga ya upande uliomwelekea adui ilikwisha nyamazishwa. Naamini wale 38 waliuawa na masafa, lakini masafa yale yaliwapata kwa sababu boila lilikuwa limewafunga mahali pamoja.

Königsberg ikaondoka bila kuguswa, na hapa kisa kinageuka kwa namna inayonivutia kuliko vita vyenyewe. Looff alikuwa na nia ya kurudi Ujerumani. Injini yake moja ikafa. Aliyemkuta mwenzake mgonjwa naye akaugua, wiki ileile.

Injini ya mvuke ya aina ile hutumia mvuke mara tatu: silinda ndogo yenye msukumo mkali, ya kati, kisha kubwa zenye msukumo hafifu. Pistoni zote zinazungusha shafti moja iendayo kwenye rafadha. Kiungo kimoja kikivunjika, upande mzima unasimama. Kwa rafadha moja manowari huenda, lakini kwa kujikokota, na Königsberg ilikuwa hai kwa mbio zake tu. Ikarudi Rufiji, ikajificha Salale kati ya mikoko.

Karakana iliyoweza kuikarabati ilikuwa Dar es Salaam, ambako manowari haikuweza kuingia. Tarehe 8 Agosti, Wajerumani walikuwa wamelizamisha gudi lao wenyewe la kuelea kwenye mlango wa bandari ili kuwazuia Waingereza, na kwa kitendo hicho wakajinyima njia ya kuitengeneza manowari yao pekee. Ikabidi vipande vilivyoharibika vifunguliwe huko deltani, vipelekwe Dar es Salaam kwa nchi kavu, kiasi cha kilomita 150, vitengenezwe, virudishwe, vifungwe upya. Njia ile ilianza kwa tope la mikoko na haikuwa na reli. Vyuma vilikwenda kwa mabega na kamba za watu wa bara na pwani, ambao majina yao hayakuandikwa popote, wakati jina la kila ofisa limehifadhiwa. Ukarabati wowote una sehemu mbili, ya kukereza na ya kubeba. Wanaosifu akili ya wahandisi wa Königsberg wananisikitisha wanapoiruka sehemu ya pili, kwa sababu bila hiyo ile ya kwanza ingebaki ndoto.

Injini ilipona, muda ukawa umekwisha. Tarehe 30 Oktoba 1914 manowari ya Kiingereza Chatham iliigundua, na milango ya delta ikafungwa. Looff alikaa humo zaidi ya miezi minane, mpaka Waingereza walipoleta manowari mbili bapa zinazoelea kwenye maji madogo, Severn na Mersey, pamoja na ndege kutoka Mafia za kuwaonesha makombora yanaangukia wapi. Miongoni mwa manowari zilizosaidia mwezi ule wa Julai 1915 alikuwemo Pyramus, yule dada wa Jarrow mwenye maboila ya Reed. Tarehe 11 Julai, Königsberg ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe.

Kabla ya kuiacha walivitupa mtoni vizibo vya nyuma vya mizinga. Kizibo ndicho roho ya mzinga. Katika mizinga ile kilikuwa pande la chuma linaloteleza kwa ubavu ndani ya kitako, likiegemea ganda la shaba la baruti. Baruti ikiwaka, ganda hutanuka likaziba gesi, na kizibo hubeba msukumo wote. Kikilegea kidogo, ganda hupasuka. Kikikaza mno, hakifunguki. Hukerezwa kilingane na kitako chake, na kukibuni upya katika nchi iliyozingirwa kusingewezekana. Kwa hiyo walivitupa mahali walipopajua, na maji yalipotulia wakavizamia wakavitoa, na mizinga yote kumi nayo ikatolewa, kila mmoja una tani moja na nusu hivi za mtutu. Watu wakafunga kamba tena.

Kazi iliyofanyika kwenye karakana ya Dar es Salaam baada ya hapo ndiyo ninayoiona kuwa kilele cha ufundi katika habari yote hii. Mzinga wa meli hauna magurudumu. Umefungwa juu ya nguzo, nguzo imefungwa kwenye sitaha, na meli nzima hupokea teke lake. Piga hesabu: kilo 17 zikitoka kwa mita 690 kwa sekunde, mtutu wa tani moja na nusu unarudi nyuma kwa karibu mita 8 kwa sekunde usipozuiwa. Ndani ya kitanda chake mzinga una breki ya mafuta inayoupunguza mwendo huo, lakini msukumo wa jumla lazima uishie mahali, na nchi kavu ni kwenye udongo. Mafundi wa reli walitengeneza magari ya kuubeba, yenye mikia mirefu inayojichimbia ardhini nyuma. Mkia mfupi, mzinga unapinduka. Magurudumu membamba, unazama kwenye mchanga. Walifanya kazi hiyo kwa vyuma vilivyokuwepo, mbele ya mashine zilizokusudiwa mabehewa.

Mizinga ile ikatawanyika. Mmoja ulifungwa kwenye meli Graf von Götzen huko Kigoma, ambayo sisi tunaiita Liemba. Mmoja ulipotea Kahe, Machi 1916. Waingereza nao waliopoa mizinga ya Pegasus kutoka bandari ya Zanzibar, baadhi yake ikatiwa magurudumu vilevile, ikapelekwa bara kupigana na mizinga iliyoizamisha.

Leo mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg imewekwa Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu. Nilipofika hapo nilitia mkono mdomoni mwa mmoja, kisha mwa wa pili. Milimita 3 na kitu hazisikiki kwa kidole.